Mwali wa Eleusi Mwenye Mvi

Athene, mtaa wa Kerameiko
Mwezi wa Thargelioni, shayiri ikivunwa

Kwa mama yangu Zaika, Androsi,

Shikamoo, mama. Goti linasemaje? Mbuzi wamezaa? Na jirani yako Kleobule, bado anaazima chungu na kurudisha kifuniko? Sisi huku wazima. Mume wangu Euthia anagonga shaba zake tangu alfajiri mpaka masikio yetu yanalia hata usingizini, lakini chakula kipo na vicheko vipo.

Nina habari mbili na zote zinataka kutoka kwanza. Nina mimba! Mkunga amelishika tumbo, amelitegea sikio, amehesabu kwa vidole, amesema mtoto atakuja mwezi mzima baada ya Siri za Eleusi, ile ibada ya Demeta mungu wa nafaka. Na hiyo ndiyo habari ya pili: mama, mwaka huu uje uingie.

Usianze kutikisa kichwa, nakuona kabisa. Siri Ndogo ulishazipitia majira yale ya baridi mlipokuja na baba kwenye harusi yangu. Zimebaki Kubwa, na tangu hapo unazikwepa. Mimi niliingia mwaka jana, mama mkwe wangu Habrilis akiwa kungwi wangu, na yuko tayari kukusimamia na wewe. Amesema kwa mdomo wake, "Mlete huyo mama yako nimwone anafananaje." Kwa Habrilis hayo ni mapenzi makubwa.

Najua unamwogopa mpiga mbiu. Unaogopa kwamba atakaposimama sokoni na kutangaza kila mwenye damu mikononi aondoke, na kila ambaye kauli yake haieleweki aondoke, watu wote watageuka kukutazama wewe. Mama, ulitolewa Thrakia ukiwa msichana wa kufungwa kamba, ukauzwa utumwani, baba akakukomboa, akakuoa, akakufundisha hata kusoma. Umeongea Kigiriki miaka mingi kuliko umri wangu mimi niliyezaliwa nacho. Nani wa kukwambia hueleweki?

Baba aliingia, wewe bado. Maana yake unaijua kuliko mimi. Njoo.

Mwanao,
Simike


Androsi
Mwezi wa Skiroforioni, jua likichoma

Kwa mwanangu Simike,

Marahaba, mwanangu, na marahaba nyingine ya huyo wa tumboni. Goti linalalamika nikipanda mlima, nikishuka linanyamaza. Mbuzi watatu wamezaa mapacha. Kleobule siku hizi hata kifuniko harudishi.

Barua yako niliisomea zizini. Nilipofika penye mimba nikapiga kigelegele mbuzi wote wakatimka hadi shamba la watu, ikabidi niwafukuze na goti hilihili, nikicheka na kulia kama mwendawazimu. Mjukuu! Ningekuwa na mabawa ningekuwa hapo kabla hujamaliza kusoma hapa.

Sasa nisikilize. Kwenye maandishi mimi ni Mgiriki safi, kwa sababu wino hauna sauti. Lakini nikifungua mdomo, mwanangu! Ile f hainikubali mpaka leo. Nikisema Faleroni inatoka Paleroni. Nikimtaja Binti wa Demeta, natamka Persepone, na mate juu. Baba yako alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu, lakini yeye alikuwa ananipenda. Mpiga mbiu hanipendi.

Kuna jambo sijakwambia, maana ulikuwa mbali. Siku baba yako anakata roho alinishika kiganja akasema, "Zaika, mimi nakwenda penye nuru. Kuna majani mabichi, kuna ngoma. Wasioingia wanalala matopeni. Nitakutafutaje matopeni?" Nikamwambia aache hayo, atapona. Hakupona. Tangu hapo nikifumba macho nayaona matope, na yeye anaita, na mimi siwezi kuitika kwa sababu mdomo umejaa.

Basi nakuja! Nimeamua jana, na jana hiyohiyo nimeanza mazoezi. Asubuhi nasimama mbele ya mbuzi nasema fff, fff. Kleobule alichungulia ukutani akauliza, "Mama Simike, umeumwa na nyigu?"

Ila nifanyie hisani moja. Niambie hata robo ya mnachokiona humo ndani. Robo tu. Nitaichoma barua.

Mama yako,
Zaika, mwali wa miaka sitini


Athene
Mwezi wa Metagitnioni, mwanzoni

Kwa mama yangu,

Shikamoo, mwali wangu! U mzima? Mimi mzima, ila nimekuwa mpana kama mtungi wa mafuta, na miguu yangu nimeisahau inafananaje. Mtoto anapiga mateke kila Euthia anapoinua nyundo. Nadhani atakuwa fundi, au atakuwa adui wa mafundi wote.

Robo siwezi kukupa. Adhabu yake ni kifo, na hata kusingekuwa na adhabu ningekosa pa kuanzia. Nitakwambia tu nilivyotoka: nilitoka nikiwa nacheka, na sikuwa nimesikia mzaha wowote.

Sasa la kukuudhi, na ukishaudhika, nisamehe. Ukishuka melini Pireo, usije kwangu. Nenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nyumba yake iko karibu na bandari. Uzazi humtia unajisi kila aliye nyumbani, na mwenye unajisi hapiti lango la Eleusi. Mkunga anasema bado muda, lakini watoto hawamsikilizi mkunga. Ukilala kwangu siku moja, mtoto naye akaamua kuja siku hiyo, basi, umekosa mpaka mwaka mwingine, na goti lako hatujui litasemaje mwaka mwingine.

Nimelia sana kulikubali hili. Utakuwa mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mlangoni kwangu, na sitakugusa. Euthia atatuletea barua, huku na kule. Lakini mtoto akiwahi, Euthia naye hatakuja, wala mimi sitaandika, maana kitu kitokacho humu ndani hakitafaa kukugusa. Kwa hiyo ukiona kimya, mama, cheka. Ujue umepata mjukuu.

Mwanao,
Simike


Pireo, kwa mkwe wako
Mwezi wa Boedromioni, jioni ya siku ya kwenda baharini

Kwa mwanangu Simike uliye karibu na uliye mbali,

Hujambo? Tumbo halijambo? Mimi sijambo, nimelowa, nina chumvi mpaka masikioni, na ninayo mengi ya kukwambia!

Kwanza mkwe wako. Nilipofika alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akaona chale za kwetu mikononi mwangu, akasema, "Kumbe na michoro." Nikamwambia, "Na wewe kumbe na pua." Akanikaribisha ndani. Tangu hapo tunagombana kuanzia kifungua kinywa, na sijapata raha namna hii tangu baba yako afe.

Sasa mpiga mbiu. Tulipanda mjini jana asubuhi, mimi nimekumbatia kikapu chenye mwananguruwe wangu wa sadaka. Watu, Simike! Watu kama mchanga! Mabibi wa vidani, wachimba migodi, watumwa na mabwana zao, wote wamebanana mbele ya ule ukumbi wenye picha zilizochorwa ukutani. Mpiga mbiu akatangaza. Damu mikononi, aondoke. Nikatulia, sijaua zaidi ya kuku. Kauli isiyoeleweka, aondoke. Na palepale mwanamke mmoja nyuma yangu akapaza sauti, "Huyu hapa Mthrakia! Tazameni mikono yake!"

Mwanangu! Watu wakafunguka kama mlango, na katikati akaja ofisa mmoja wa Siri, kijana mrefu, joho jeupe, taji la majani ya mhadasi kichwani. Akanisimamia. "Mama, nani amekuleta hapa, na unatafuta nini?"

Nilikuwa nimeandaa jibu. Maneno mazuri, hayana f hata moja, nimeyafundisha mbuzi wote wa Androsi. Yakayeyuka. Na wakati huohuo nguruwe akapiga ukelele, nikatazama chini nilipokuwa nimekitua kikapu, nikaona mkia umetokeza na yule kijana ameubana kwa kiatu. Nikasahau kila kitu nikamfokea: "Mwanangu! Umempinya nguruwe wangu! Inua mguu, kwani hupundishwi kwenu?"

Nikajua nimekwisha. Yule kijana akainua mguu polepole. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Mama," akasema, "nimeelewa kila neno." Akageukia wale watu akauliza, "Yupo ambaye hakuelewa?" Soko zima likalipuka kwa kicheko, na Habrilis akamgeukia yule mwanamke wa nyuma akamwambia, "Wewe je, umeelewa au tukutafsirie?"

Nimepita, Simike! Nimepita!

Na leo asubuhi ndiyo ile mbiu ya pili, "Baharini, enyi waingiao!" Tumekwenda maelfu, kila mtu na nguruwe wake kwapani. Hebu fikiria makelele. Mkwe wako aliteleza akaanguka chali majini, nguruwe wake akaogelea zake kuelekea kisiwa cha Salamina. Nilimkamata kwa mguu wa nyuma. Habrilis amesema hatasahau. Hakusema kama ni kwa shukrani.

Baada ya siku tatu tunatoka kwenda Eleusi, na msafara unapita mtaani kwenu. Panda juu ya paa. Nataka kukuona hata kwa mbali.

Mama yako,
Zaika


Athene
Boedromioni, alfajiri ya msafara

Mama,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikacheka mpaka mkunga akanikataza. Ndiyo, mkunga yuko hapa, amekuja tu kutazama, usiwe na wasiwasi. Mimi mzima.

Nitakuwa juu ya paa, upande wa tanuri. Nitavaa shela ya manjano. Ukinipita usisimame, wa nyuma watakukanyaga. Nenda, nenda tu. Usinijibu hii. Euthia anaondoka nayo sasa hivi.

Wako,
Simike


Eleusi, uani kwa Demeta
Boedromioni, siku ya saumu, mchana

Kwa mwanangu Simike,

Hujambo? Nauliza kwa moyo wote, maana jibu sina.

Nilikuona. Msafara ulitoka langoni kwa vifijo vya kumwita mungu wetu wa njiani, "Iakko! Ee Iakko!", kila mtu na taji na fimbo yake ya mhadasi, na mimi napiga kelele kuwashinda vijana. Tukafika kwenu. Shela ya manjano! Ulikuwa unapunga mkono wa kulia, unacheka. Lakini mkono wa kushoto, Simike. Ulikuwa umeshika ukingo wa ukuta kama mtu anayening'inia. Halafu kicheko chako kikakatika, ukainama, ukainuka tena, ukacheka tena. Mimi nimezaa. Najua kile ni nini.

Nikatoka kwenye mstari, nikakaa chini kando ya barabara, nikavua taji. Habrilis akarudi kunifuata.

"Unafanya nini?"

"Nakwenda kwa binti yangu. Ana uchungu."

"Najua ana uchungu. Nimeona kama wewe."

"Sasa unasimama nini? Ni mkwe wako!"

Akachuchumaa mbele yangu, yeye asiyechuchumaa kwa mtu. Akasema, "Zaika, yule mtoto amepanda ngazi na uchungu wake, amesimama juani, amekuchekea, ili wewe uende. Ukigeuka sasa umemwambia amepanda bure. Mkunga ninamjua, ndiye aliyenizalisha Euthia. Mwanao hayuko peke yake. Inuka." Nikamwona macho yamemlowa. Akanivika taji langu, likakaa upande.

Nikainuka. Sijui kama nilifanya vema. Nilitembea nikilia mpaka darajani.

Na darajani, ah, wale wahuni wa vinyago! Baba yako alinionya, lakini kuonywa si kuona. Wamepanda juu ya kingo, nyuso zimefunikwa, wanatukana kila apitaye, na desturi ni kuvumilia. Mmoja akamwona mkwe wako: "Habrilis wa Pireo! Hivi mumeo alikufa kwa homa au kwa mdomo wako?" Akapita kichwa juu. Kisha mimi: "Na huyu! Mbuzi wa Thrakia amefundishwa kutembea kwa miguu miwili! Bibi, hebu sema Faleroni!"

Kila uchungu niliokuwa nao tangu nikuone paani ukanipanda. Nikasimama katikati ya daraja, nikamshushia Kithrakia. Chote. Maneno ambayo sijayatamka tangu utotoni, ya babu yangu mfuga farasi, juu ya ukoo wake, meno yake, na kitanda alichozaliwa juu yake. Watu wakasimama kusikiliza. Nilipomaliza, yule bwana akainua kinyago nusu, akauliza kwa adabu, "Samahani, mama, umesema nini?"

"Amekubariki," Habrilis akamjibu. "Piga magoti."

Na akapiga, Simike! Daraja zima lilicheka hata nikadhani litavunjika, na mimi nikacheka, nikamshika mkwe wako mkono, na hatujaachana mpaka hapa.

Lakini sasa kumekuwa kimya. Euthia hajaja tangu alfajiri ile ya msafara. Uliniambia nikiona kimya nicheke. Mwanangu, mtoto akizaliwa ni kimya, na mama akifa ni kimya vilevile. Nitajuaje hiki ni kipi? Nimekaa ukutani natazama barabara. Nimemwambia Habrilis wazi: jua likifika juu ya mlima wa Salamina na sijasikia kitu, sipiti lango hilo. Nitarudi kwa miguu. Matope na yawe matope.

Hakunibishia. Amekaa pembeni yangu.

Barua hii nampa mtu wa mkokoteni anayerudi mjini, aiweke kizingitini kwako bila kuingia.

Mama yako


Eleusi, siku hiyohiyo
Jua likikaribia mlima

Simike! Simike wangu!

Amekuja mwanamke mmoja wa Kerameiko, muuza taji za maua, amechelewa njiani kwa ajili ya punda wake. Habrilis alimdaka kabla hajashuka. "Mlango wa Euthia mfua shaba unaujua?" Anaujua. Amepita hapo leo asubuhi.

"Una nini mlangoni?"

"Una sufu," akasema. "Shada la sufu, jeupe, kubwa."

Sufu! Sufu mlangoni ni mtoto wa kike! Habrilis akaanza kuruka. Lakini mimi nilikuwa na swali jingine. Nikamshika yule mama shela. "Na mtungi? Kulikuwa na mtungi wa maji nje, wa waliofiwa?"

Akanitazama, akaelewa. Akaweka mkono wake juu ya wangu. "Hakuna mtungi, dada yangu. Kulikuwa na mwanamume amekaa kizingitini na nyundo mapajani, anaimba vibaya sana."

Huyo ni Euthia. Hakuna mwingine anayeimba hivyo.

Nimepiga kigelegele cha kwetu, ua zima likageuka, na wanawake nisiowajua, Wakorintho, Wathebe, mtumwa mmoja kutoka Karia, wote wakanipokea. Tumecheza, Simike! Na njaa yetu, na vumbi letu, mkwe wako na pua yake, tumecheza pale kisimani mpaka kuhani mmoja akaja kutuomba tupunguze.

Wanaita sasa. Tunakwenda kunywa uji wa shayiri na mnanaa, kufungulia saumu, halafu lango. Siogopi chochote. Hii naandika tu, sijui hata nimpe nani.

Bibi wa mtu!


Eleusi
Asubuhi, Siri zikiwa zimekwisha

Kwa Simike, na kwa huyo mdogo,

Hamjambo wawili nyinyi? Mmelala? Ananyonya vizuri? Mfungeni kitovu vizuri. Mimi mzima kuliko nilivyopata kuwa.

Nimeingia. Nimetoka. Lililo katikati nimelifunga mdomoni kama wewe ulivyolifunga, na sasa nakuelewa. Nitasema tu yale ambayo hata mpita njia angeweza kuyaona: tuliingia maelfu, tukibanana, kila mtu na hofu yake, na tulipotoka asubuhi hii jemadari mmoja alikuwa amemshika mkono mchimba migodi, wala hakuna aliyejua nani alianza. Mkwe wako, ambaye hii ni mara yake ya nne, alilia kama mgeni.

Kuhusu baba yako: nimeacha kuwaza matope. Simwambii mtu sababu. Nikifa nitajua pa kwenda na nitamkuta, na nitamwita kwa mdomo wangu huuhuu.

Bado kuna siku ya kumwagia maji wafu, ndipo msafara urudi. Wengine watabaki. Mimi nimemuuliza kuhani kama mwenye umri wangu anaweza kutangulia, akauliza kuna nini mjini, nikamwambia. Akacheka, akasema wafu wanaweza kumngoja bibi mwenye mjukuu. Tena sasa hakuna sheria ya kunizuia mlangoni kwako. Nyumba ina unajisi? Na initie wote, unipake kichwani.

Habrilis amepata mkokoteni wa mtu wa nafaka. Amekaa juu ya magunia ananipigia kelele nifanye haraka, anasema kwa desturi mtoto wa kike wa kwanza huitwa jina la mama yake baba, na kwamba nijiandae kushindwa. Tutagombana njia nzima. Darajani tutapumzika kidogo, tuwatukane wengine.

Kijana wa mbio anaondoka mbele yetu, atakufikishia hii kabla ya magurudumu. Usijibu. Hakuna tena wa kumwandikia huku. Mwambie Euthia aache kuimba asikie mkokoteni, afungue mlango mapema, maana goti langu na magunia haya hatutakuwa na subira ya kubisha hodi.

Nimeona la kuonwa, mwanangu. Sasa nataka kumwona huyo.

Mama yako,
Zaika